Siku Tano Kabla ya Kura

Ukungu wa Alto do Sereno hauna haraka. Jumatatu ile, tarehe kumi na saba Oktoba, ulikaa juu ya mji mpaka karibu saa tano, ukayafuta mapaa ya vigae, ukaufuta na mnara wa kanisa, ukaacha kengele peke yake ikilia kutoka pasipo na kitu. Inspekta Zuleica Prates aliegesha gari mbele ya kituo cha polisi asishuke. Mkobani alikuwa na karatasi moja ambayo hakimu aliitia saini asubuhi hiyohiyo. Karatasi ilisema kwamba Mzee Belarmino Quintão, umri miaka sitini na minane, mwenye duka la bunduki na zana za uvuvi, akamatwe na kuwekwa ndani siku thelathini.

Tatizo lilikuwa kalenda. Jumapili Brazili nzima ilikuwa inakwenda kupiga kura ya maoni: uuzaji wa bunduki na risasi upigwe marufuku, ndiyo au hapana. Na sheria ya uchaguzi haijali inapigiwa kura gani. Tangu siku tano kabla, mpiga kura hakamatwi, labda akutwe na kisu mkononi na damu ikiwa bado inatiririka. Siku hizo tano zilikuwa zinaanza usiku huo, saa sita. Akimkamata leo, mzee mwenye pumu analala kwenye saruji ya jela ya wilaya, watu thelathini katika chumba cha watu wanane, na huenda asitoke mzima. Asipomkamata, mji mzima utasema polisi wamenunuliwa na wauza bunduki.

Dirisha la gari likagongwa. Alikuwa Adauto, karani wa kituo, na vikombe viwili vya kahawa.

"Afande, unamngoja nani humo? Ukungu?"

"Nangoja akili."

"Hiyo haipandi gari bovu namna hii. Twende tukamchukue mzee, yaishe."

"Nisomee kwanza maelezo."

Adauto akaingia, akafungua jalada. Jumamosi mchana, Bi Guiomar Fagundes, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa watu wa Ndiyo hapa mjini, alikuwa ameketi dirishani sebuleni akisikiliza redio. Risasi ikatoka kwenye mipera ya nje, ikavunja kioo, ikamchana mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Hakumwona aliyepiga. Risasi yenyewe haikupatikana. Jirani yake, Bi Nair, alisikia mlio, na punde si punde akamwona Mzee Belarmino, kiongozi wa watu wa Hapana, akitoka kwa lango la nyuma na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha vyombo.

"Na mzee mwenyewe anasemaje?"

"Kwamba alikwenda kumsalimu. Basi. Nimemwuliza mara sita, afande. Mara ya sita akaniuliza kama mama yangu hajambo."

"Kwenye mipera mlipata nini?"

"Kipande cha sigara."

"Kimepelekwa maabara?"

Adauto alikoroga kahawa ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Hapana, afande. Ni changu."

Kesi ilikuwa imesimama hapo. Sababu ya uadui haikuhitaji kutafutwa. Kila Jumatano, kwa wiki sita, hao wawili walikuwa wamesimama katika ukumbi wa parokia wakichanana kwa maneno mbele ya watu. Bi Guiomar akimkumbuka mwanawe wa pekee, Otoniel, aliyepigwa bastola kwenye baa siku ya Kanivali miaka kumi na moja iliyopita, kwa ugomvi wa kiti. Mzee akijibu kwamba mkulima aliye peke yake mlimani hawezi kumfukuza mwizi kwa rozari. Watu walikuwa wakienda kuwasikiliza kama waendao kwenye mpira. Zuleica alikunywa kahawa ikaisha, akashuka.

Saa sita ilipogonga, ukungu ulikuwa ukipasuka vipandevipande juu ya Mtaa wa Rosário, na redio zote za mtaa zikabadilika sauti kwa pamoja. Ndio wakati wa matangazo ya kura. Kila kituo kinalazimishwa kuyarusha, hakuna pa kukimbilia. Zuleica alitembea taratibu katikati ya barabara ya mawe asikose hata neno. Mbele ya duka la mikate mwanamke mmoja akaanza sentensi kuhusu watoto waliozikwa, kwa kinyozi akaiendeleza, kwa fundi viatu akaimaliza. Kisha sauti ya mwanamume ikaingia kwa upande wa Hapana, ikamsindikiza dirisha hadi dirisha, nzito na ya upole, ikisema habari ya haki. Hakukuwa na mtu barabarani. Ilikuwa kana kwamba nyumba zenyewe ndizo zilizokuwa zikibishana, na watu wamelala ndani. Alipofika kwa Bi Nair alijikuta amesahau, kwa nukta chache, alichokuja kufanya.

Bi Nair alikuwa dirishani na mto wake chini ya viwiko, mahali anapokaa tangu alipofiwa na mume.

"Njoo, binti yangu. Nilijua utakuja. Yule wa sigara haandiki vizuri."

"Shikamoo, Bi Nair. Jumamosi ulisikia mlio saa ngapi?"

"Saa ya zamani au saa mpya?" Usiku wa kuamkia jana saa zote zilikuwa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, na mji mzima ulikuwa bado unagombana na saa zake za ukutani. "Usinitie kwenye habari ya saa. Serikali imeniibia saa nzima na bado inataka nikaipigie kura. Nitakwambia kwa redio. Wale wa Hapana walikuwa wamemaliza, wale wa Ndiyo wakaanza wimbo wao. Hapohapo, pa!"

"Na redio ya Bi Guiomar, ilikuwa kwenye wimbo uleule?"

Bi Nair alifungua mdomo, akaufunga. Haikuwa kawaida yake.

"Kwa Guiomar kulikuwa kimya," akasema.

"Una hakika?"

"Ati hakika! Yeye huifungulia mpaka kuku wangu wanazijua sera. Jumamosi kimya. Nikajiambia, leo mwenye harusi hataki ngoma."

"Na Mzee Belarmino, aliingia kwa mlango gani?"

"Wa jikoni. Kama siku zote."

"Siku zote?"

"Mimi si mtu wa maneno, mwanangu," alisema Bi Nair, akausogeza mto wake vizuri. "Lakini kila Jumamosi, miaka mingi sasa. Anampasulia kuni, anamzibia paa, anapewa kahawa, anakwenda zake. Jumatano wanatoana macho, Jumamosi wanagawana sukari. Hukuniuliza. Yule wa sigara naye hakuniuliza."

Katika Alto do Sereno mlango wa mbele ni wa padri, wa polisi na wa habari mbaya. Wa jikoni ni wa mtu wako. Zuleica alishukuru, akavuka barabara, akagonga mlango wa mbele.

Bi Guiomar alimfungulia mwenyewe, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cheupe. Alikuwa mwembamba, nywele kazibana nyuma, na bado alikuwa na ile sauti iliyowafundisha nusu ya mji kusoma. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa ya buluu, ndani na nje. Uani, mti wa jabuticaba ulikuwa umechanua maua meupe kwenye shina lenyewe, kutoka chini hadi juu, na harufu yake ilijaza vyumba. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na picha moja tu, ya kijana anayecheka na kitu kilicho nje ya picha.

Kahawa ililetwa. Pamoja nayo, kwenye sahani, biskuti za pakiti.

Zuleica alizitazama biskuti hizo kwa muda. Alizaliwa katika milima hiyohiyo. Hakuwahi kuona mama wa huku akimkaribisha mgeni kwa biskuti za dukani. Heri akose sukari kuliko akose mikate midogo ya jibini.

"Mikate imeisha leo, Bi Guiomar?"

"Mkono huu, mwanangu. Nitakandaje?"

"Kweli. Pole sana. Naomba maji, nitajichotea mwenyewe."

"Keti, nitakuletea..."

Lakini Zuleica alikwisha fika jikoni. Juu ya rafu makopo yalikuwa yamepangwa kwa mstari: mchele, maharage, sukari, kahawa. Katikati palikuwa na pengo, na kwenye vumbi la rafu duara safi, pana kama sahani. Kopo moja lilikuwa limeondoka, na halikuwa limeondoka zamani. Kando ya jiko la kuni, kimo cha kifua, palikuwa na bango la kampeni ya Ndiyo, limebanwa kwa pini nne mpya zinazong'aa.

"Na bango hili la kumshawishi nani humu? Masufuria?"

"Limekosa nafasi sebuleni."

Sebule ilikuwa na kuta tatu tupu. Zuleica aliweka kidole katikati ya bango, akabonyeza kidogo. Karatasi ikazama. Nyuma yake ukuta ulikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole. Akaondoa mkono, akanywa maji yake.

"Daktari ameandika kwamba jeraha lako lilikuwa na unga mweupe," alisema. "Anadhani ni chokaa ya ukuta."

"Huenda."

"Kuta zako ni za buluu."

Bi Guiomar alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake mzima umeshika fremu.

"Jumamosi ulikuwa ukisikiliza redio, umesema."

"Wenzangu walikuwa hewani. Ningekosaje?"

"Sawa. Nina hati ya kumkamata Mzee Belarmino. Leo, kabla ya siku tano kuanza. Una la kuongeza?"

"Hajafanya kitu yule!"

"Nani basi?"

"Sikumwona mtu. Nimesema." Sauti ya mwalimu ilikuwa imepotea, imebaki ya mwanamke aliyechoka. "Ngoja mpaka Jumapili, mwanangu. Jumapili tu. Baada ya hapo niulize utakalo."

"Sheria hainingojei mimi, Bi Guiomar, na mapafu yake hayatamngojea yeye," alisema Zuleica. Akaweka glasi, akatoka kwa mlango wa mbele kama alivyoingia.

Kando ya kanisa, katika chumba kilichokuwa cha katekisimu, palikuwa na kituo cha kupokea silaha. Mtu yeyote aliruhusiwa kuleta bunduki yake mpaka siku ya kura. Haulizwi jina wala ameipata wapi, na hashtakiwi. Silaha inavunjwa palepale mbele ya macho yake, kwa nyundo kubwa, juu ya kipande cha reli. Nyundo ilikuwa ya Sista Eulália, mtawa mfupi mwenye mabega ya mchukuzi.

"Jumamosi mchana mlipokea ngapi, Sista?"

"Moja. Watu wanangoja dakika ya mwisho, kama kuungama."

"Naomba niione."

Sista alivuta sanduku la vyuma vilivyopondeka, akatoa bastola fupi ya zamani, mpini wa pembe, fremu imepasuka katikati. Zuleica aliipeleka dirishani. Katika vyumba vya risasi palikuwa na kitu cheupe kimeganda. Akakikwangua kwa ukucha, akakisugua kati ya vidole viwili. Kikalia, kile kilio kidogo cha kukereketa ambacho kila mtoto wa huku anakijua kabla hajajua kusema. Akaweka ulimini. Kichachu. Wanga wa muhogo, ule uliochachushwa juani, usiokosekana katika jiko lolote la milimani, maana bila huo hakuna mikate ya jibini.

Akasimama pale na ladha ile mdomoni. Bibi yake naye alikuwa na kopo la wanga, na ndani ya kopo, chini kabisa, aliweka kila kinachoogopa unyevu wa ukungu: hereni za dhahabu, hati ya shamba, na bastola ya babu. Wanga haukubali kutu. Wezi wa mjini hawajui, na wanaume wa nyumbani hawaruhusiwi kugusa.

"Nani aliileta?"

"Asiyeulizwa jina," alisema Sista.

"Alikuwa akikohoa?"

Sista Eulália aliitazama nyundo yake. "Ukungu huu unawakohoza wengi, afande."

"Sawa."

"Nitakwambia kitu kimoja, maana hicho si jina. Nilipoinua nyundo aliniomba aipige mwenyewe. Nimevunja mia mbili na kitu, hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Alikosa mara mbili. Alikuwa haoni vizuri, machozi yalikuwa yamemjaa."

Duka la Mzee Belarmino lilikuwa limefungwa nusu. Ndani, ndoano na nyavu zilining'inia upande mmoja, bunduki za kuwindia zimefungwa kwa mnyororo upande wa pili, na katikati mzee mrefu, amevaa koti la Jumapili, ameketi kwenye kigoda. Miguuni pake palikuwa na mfuko mdogo wa safari.

"Umechelewa, afande. Nimepanga soksi zangu tangu Jumamosi."

"Na dawa ya pumu?"

"Viwili." Akaonyesha vipulizio vyake viwili kama mtoto anayeonyesha daftari. "Kimoja cha kwangu, kimoja cha kuibiwa huko jela."

Zuleica aliketi juu ya kasha la nyavu. "Nitakusimulia Jumamosi ilivyokuwa. Ukitaka, nikatize. Bi Guiomar alikuita. Hakufungua redio, maana alitaka mzungumze. Alishusha kopo la wanga, akaingiza mkono, akatoa bastola, nadhani ya marehemu mumewe, ili akupe uiondoe nyumbani kwake. Vidole vilikuwa na wanga, vinateleza. Ikafyatuka. Risasi ilimchana mkono, ikaingia ukutani kando ya jiko. Ukaifunga kwenye kitambaa cha vyombo, ukaipeleka kwa Sista. Yeye akavunja kioo cha sebule kwa kiatu, au kwa sufuria, akabandika bango juu ya tundu. Nimekosea wapi?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini kile cha Belarmino kilikuwa na mluzi tu wa kifua.

"Kwa pasi," akasema hatimaye. "Alikivunja kwa pasi. Lakini sijasema kitu, na kituoni sitasema. Nimemwahidi."

"Mzee wangu, hebu nielewe. Ukisema, watu wako wameshinda. Mama wa Ndiyo, na bastola kwenye kopo la jikoni! Mji wote utabonyeza namba moja, ya Hapana, Jumapili."

"Ndiyo maana sisemi."

"Hutaki kushinda?"

"Nataka! Naamini kila neno ninalosema ukumbini. Lakini si kwa hilo." Akapuliza dawa, akangoja pumzi irudi. "Unamjua Juvêncio? Aliyemwua Otoniel?"

"Nimesoma jalada."

"Jalada limesema aliinunua wapi ile bastola?"

Zuleica aliutazama mnyororo wa bunduki. Lilisema.

"Siku tatu kabla ya Kanivali. Hapo ulipokaa ndipo aliposimama. Mji mzima unajua, afande, na hakuna aliyewahi kunitamkia. Guiomar mwenyewe hajanitamkia. Siku arobaini zilipokwisha nilikwenda kwake niseme, nikashindwa, nikaona kuni hazijapasuliwa, nikazipasua. Jumamosi iliyofuata nikashindwa tena. Kuni zimekuwa nyingi sasa." Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. "Kwa hiyo nipeleke. Siku thelathini ni kitu gani?"

"Kwa mapafu hayo ni maisha yako yote."

"Basi ni yangu."

Zuleica alimpenda yule mzee wakati ule, na akamkasirikia vilevile. Angeweza kuandika ripoti yake kwa ushahidi wa wanga, lakini hakimu angetaka mtu aseme, na watu wawili tu ndio waliokuwa jikoni. Alitazama saa yake, akakumbuka ni ya zamani, akaongeza moja. Kumi na moja kasorobo.

"Chukua mfuko," alisema. "Tutapitia ukumbini kwanza."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Watu wa Ndiyo walikuwa wameitisha mkutano wa kumwombea mwenyekiti wao, na watu wa Hapana nao walikuja, baadhi kwa aibu, baadhi kwa kuogopa kwamba wasipokuja wataonekana wamefurahi. Jua la jioni lilipita kwenye vioo vya rangi vya madirisha ya juu, likawamwagia watu buluu na njano usoni, na hakuna aliyeonekana kuwa yeye mwenyewe. Vijana wa Hapana walisimama nyuma wamekunja mikono. Adauto alibaki mlangoni na mzee, asijue kama anamlinda au anamsindikiza.

Bi Guiomar alikuwa ameketi jukwaani. Zuleica alipanda, akachuchumaa kando ya kiti chake kama anayemtengenezea kitambaa cha mkono.

"Wanga ulikuwa bado ndani ya bastola," alisema polepole. "Kuwa nayo si kosa, imefika kwa Sista kabla ya siku ya kura. Maelezo ya uongo ni kosa, na hilo nitaliandika. Ni kosa dogo. Hii hapa si ndogo." Akamwonyesha ukingo wa hati. "Yuko mlangoni. Amefunga soksi zake. Hatasema neno."

Bi Guiomar alitazama mlangoni, akaliona koti la Jumapili.

"Mpumbavu," akanong'ona. Kisha: "Nikisema, mwanangu, hapa kwetu Jumapili tumekwisha. Wiki sita zote. Watatucheka mpaka Krismasi."

"Inawezekana."

"Na Otoniel nitamwambia nini?"

Zuleica alisimama, akashuka jukwaani, akaiweka hati mkobani lakini hakuufunga mkoba. Padri alimwita mwenyekiti azungumze. Makofi yalikuwa marefu, ya watu wanaompigia mtu aliyepigwa risasi kwa ajili yao, na Bi Guiomar aliyangoja yaishe yote, kama alivyokuwa akingoja darasani.

"Hakuna aliyenipiga risasi," alisema.

Mtu mmoja alicheka kidogo kwa kutoelewa.

"Nilijipiga mwenyewe, jikoni kwangu, kwa bastola ya marehemu mume wangu. Nilikuwa nayo kwenye kopo la wanga. Kina mama, mnajua kopo lipi. Tangu mwanangu azikwe, mchana nawaambia kwamba silaha nyumbani ni kifo, usiku nahesabu hatua kutoka kitandani mpaka kwenye rafu. Kumi na tisa. Naogopa. Naishi peke yangu na naogopa, na ninajua ninachosema kuhusu silaha ni kweli, na yote mawili yamelala nyumba moja miaka kumi na moja. Jumamosi nilitaka iondoke kabla sijabonyeza namba mbili, ya Ndiyo. Nikamwita mtu aiondoe. Ikafyatuka. Nikaona aibu, nikadanganya, na mtu huyo yuko pale mlangoni anataka kwenda jela kwa ajili ya aibu yangu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Nimechutama. Mwacheni aende nyumbani."

Rangi za vioo zikatembea polepole juu ya vichwa. Kisha nyuma kijana mmoja akapiga kelele, "Namba moja!" na wenzake wakaidaka, "Namba moja! Namba moja!", wakigonga viti, na mwanamke wa Ndiyo aliyekuwa mstari wa mbele akainama akaanza kulia kwa hasira. Zuleica akatoa hati mkobani, akaandika juu yake kwa kalamu kwamba haikutekelezwa, akatia saini na saa.

Mzee Belarmino alikuwa akipita katikati ya ukumbi. Vijana walidhani anakuja kupokea ushindi, wakampigia mluzi, wakampa njia. Alifika mbele ya jukwaa, akashika kipaza sauti, akangoja pumzi.

"Kaeni chini," alisema. "Wewe uliyeanza, nawe kaa. Nimewafundisha nini wiki sita hizi, kelele?" Wakakaa. "Juvêncio alikuja dukani kwangu siku ya Alhamisi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwona. Sikumwuliza ya nini. Nilimfungia bastola kwenye karatasi nikamwambia karibu tena." Akageuka, sasa anaongea na mtu mmoja tu. "Sikumwuliza, Guiomar."

Bi Guiomar alikuwa ameshika meza kwa mkono wake mmoja. Alipoanza kusema wengi walidhani ni kilio.

"Miaka kumi na moja ya kuni," alisema. "Ungeniambia mwaka wa kwanza, ningekusamehe mwaka wa kwanza."

"Na sasa?"

"Sasa niache nikasirike kwanza, Belarmino," alisema. "Sijawahi kupata nafasi."